Kijana Mnene na Bakteria wa Tumboni

Siku hizi katika familia zetu, hasa za mijini, wapo vijana walionenepa kupita kiasi. Majirani husema, "Mtoto kanawiri." Shuleni wenzake humwita "Bonge". Yeye hunyamaza, lakini moyoni anaumia. Mwezi huu tunapenda kueleza jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: chakula tunachopika kinawalisha pia bakteria wanaoishi katika utumbo wa kijana huyo.

Bakteria hao ni wa kazi gani?

Tukisikia bakteria tunafikiria ugonjwa. Lakini utumbo mpana wa kila mtu umejaa bakteria, na wengi wao wanatusaidia. Chakula chao ni makapi-mlo, yaani nyuzinyuzi za nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, mboga na matunda, ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga. Bakteria huzichachusha na kutoa asidi zinazolisha na kulinda ukuta wa utumbo. Kijana anayeshinda kwa soda, chipsi na maandazi huwaacha na njaa.

Je, hali hiyo inabadilika?

Ndiyo, tena upesi. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2015, Wamarekani 20 wenye asili ya Afrika na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana aina ya vyakula kwa wiki 2. Wamarekani walipokula makapi-mlo mengi na mafuta kidogo, asidi hizo ziliongezeka na dalili za kuvimba kwa ukuta wa utumbo zilipungua. Waafrika waliopewa nyama na mafuta mengi walipata kinyume chake. Hao walikuwa watu wazima, lakini fundisho ni letu sote: bakteria hufuata sufuria. Tukirudia mazoea ya zamani, faida nayo hupotea.

Tufanye nini nyumbani?

1. Tubadilishe chakula cha familia nzima. Kijana asipikiwe peke yake kama mgonjwa. Tupike dona, maharage, kunde, mchicha na matembele, na matunda tuyale badala ya kuyakamua.

2. Tuongeze makapi-mlo polepole, tukinywa maji ya kutosha. Tukiyaongeza ghafla tumbo hujaa gesi.

3. Maji yachukue nafasi ya soda. Chupa moja ndogo huwa na sukari ya vijiko vya chai saba hivi au zaidi.

4. Kijana acheze, atembee au afanye kazi za mikono walau dakika 60 kila siku, na alale saa 8 hadi 10. Simu isiingie kitandani. Mazoezi na usingizi huchangamsha moyo pia.

5. Tusinunue antibiotiki bila kuandikiwa na mganga. Dawa hizo huua hata bakteria wema.

Bakteria peke yao hawapunguzi unene. Kijana bado anakua; mara nyingine inatosha uzito usiongezeke wakati kimo kinaongezeka. Asishindishwe njaa, wala asipewe dawa za kupunguza mwili za madukani. Akiwa na kiu isiyoisha, akikojoa mara kwa mara, au akikoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini, apelekwe hospitali.

Na dawa ya kwanza haina gharama. Tusimwite Bonge. Tumwite kwa jina lake, tukae naye mezani, tule chakula kilekile.