Wosia Hauleti Kifo



Wako wazazi wengi vijijini ambao hawapendi neno wosia litajwe nyumbani mwao. Huona kwamba kuuandika ni kujichimbia kaburi. Basi na tumtazame mfalme Hezekia. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, alikuwa mgonjwa, na nabii Isaya akamwambia aiweke nyumba yake sawa kwa kuwa angekufa. Neno lile halikumwua. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15.

Tuseme mzee mmoja ana ekari nne, mke, wana wawili, na binti aliyerudi nyumbani na watoto wake. Mzee huyu aweza kwenda kwenye bodi ya ardhi na kuwahamishia wanawe shamba lote leo. Wengi hufanya hivyo kwa upendo. Lakini jina likishabadilishwa kwenye hati, shamba si lake tena. Mwana akiliuza, au akiiweka hati rehani benki, wazee watalima wapi? Baba wa mwana mpotevu, katika Luka 15, aliwagawia wanawe mali angali hai. Hata hivyo alibaki na nyumba, watumishi, na ndama wa kumchinjia mwanawe aliporudi mikono mitupu.

Kwa wosia, shamba hubaki mkononi mwa mzee siku zake zote, naye aweza kuubadilisha apendapo. Autie sahihi au alama yake mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na afadhali wawe watu wasiorithi kitu. Asitegemee maneno ya mdomo. Kwa Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, wosia wa mdomo wa raia hauna nguvu akiishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuusema.

Asipoacha wosia, sheria hiyo, katika sehemu nyingi za Kenya, haimbagui binti, awe ameolewa au hajaolewa. Wakristo tusishangae. Katika Hesabu 27, binti za Selofehadi, aliyekufa bila mwana wa kiume, walidai urithi wa baba yao, na Bwana akasema wamenena haki.

Tena mzee, mkeo atakaa wapi ukitangulia? Bwana Yesu, hata msalabani, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Hakuacha jambo hilo lijadiliwe matangani. Nawe litamke wazi, watoto wote wakisikia, mabinti pia.

Nanyi watoto, Timotheo wa Kwanza, sura ya 5, yatuagiza kuwalipa wazazi wetu wema wao. Unga, dawa na blanketi ya mama visingoje kwanza kujulikana ni nani atapewa ekari ngapi.

Mungu awajalie wazee wetu ujasiri wa kusema mapema, na watoto moyo wa kupokea kwa amani. Amina.