Kanola ni Ndugu wa Sukuma Wiki

Sukuma wiki inayopandwa kwenye magunia Kayole ina undugu na kanola, mmea wa mafuta unaolimwa Timau. Mwaka 1935, nchini Japani, mtafiti Nagaharu U alieleza hesabu yake: spishi ya sukuma wiki ina kromosomu 18, ya kabichi ya Kichina 20, zilipochanganyika, zikawa 38. Mafuta yake ya zamani yalikuwa na asidi ya eruki nyingi, hadi watafiti wa Kanada walipoipunguza, na miaka ya 1970 likaja jina kanola.

Undugu huo una hasara pia. Uozo mweusi na vidukari haviachi ukoo huu. Ukishang'oa sukuma iliyougua, usipande kabichi kwenye udongo uleule. Anza na kunde au vitunguu.