Picha ya Sibila

Zamani, kabla ya kuzaliwa Yesu Kristo, Wagriki walisimuliana habari za wanawake walioitwa Sibila. Walisadiki kwamba wanawake hao hutabiri mambo ya mbele. Mmoja alikaa Cumae, mji wa Wagriki katika nchi ya Italia. Mwingine katika kisiwa cha Samos. Wote walikuwa wapagani.

Katika mwaka 1651 mchoraji Guercino alikuwa akifanya kazi katika mji wa Bologna, huko Italia. Bwana mmoja, Gioseffo Locatelli, alimwagiza picha mbili za kukaa pamoja: mfalme Daudi na Sibila wa Cumae.

Je, mpagani awekwe karibu na Daudi? Sababu ni hii. Wakristo wa kale, kama Mtakatifu Augustino, walisoma mashairi yaliyoitwa ya Sibila, wakaona humo habari za Kristo. Wakafikiri: Mungu aliwafundisha Waisraeli kwa vinywa vya manabii, lakini mataifa mengine hakuwaacha gizani kabisa. Hata wimbo wa kale wa Misa ya wafu, Dies irae, unawataja Daudi na Sibila pamoja. Siku hizi wenye elimu wanajua kwamba mengi ya mashairi yale yalitungwa na Wayahudi na Wakristo kwa jina la Sibila. 

Basi akachora. Rangi za namna hii husagwa pamoja na mafuta. Hazikauki upesi, hivyo mchoraji aweza kuunganisha giza na mwanga polepole, hata uso uonekane kama wa mtu hai. Sibila amevaa kilemba. Karibu naye yuko mtoto mdogo, na maneno ya Kilatini yanausifu mti ambao Mungu alitundikwa juu yake. Mti huo ndio msalaba.

Lakini Mattias de' Medici, ndugu wa mtawala wa Toscana, aliiona picha ile, akaitaka, akaipata. Daudi akabaki peke yake! Guercino hakumwacha Locatelli mikono mitupu. Alishika tena kazi, akamchorea Sibila wa Samos. Leo Sibila hao wawili wamo katika nyumba ya picha ya National Gallery, London.

Maulizo
1. Kwa nini Sibila aliwekwa pamoja na Daudi?
2. Guercino alitimizaje agizo la Locatelli?