Bakteria ampaye ngisi mwangaza ni jamaa wa kipindupindu

ASIKIAPO mtu neno bakteria, fikira zake hukimbilia maradhi. Hata hivyo, Vibrio fischeri, ambaye tangu 2007 huitwa pia Aliivibrio fischeri, hamdhuru ngisi mdogo wa Hawaii anayemhifadhi katika kiungo maalumu upande wa tumbo. Humlipa kwa nuru. Usiku nuru hiyo hufanana na ya mbalamwezi, hivyo adui aliye chini hakioni kivuli cha ngisi. Kunapopambazuka, ngisi huwatoa takriban asilimia 95 ya wageni wake. Waliosalia huzaana upya hadi jioni.

Ajabu ni kwamba bakteria huyu akiwa peke yake hang'ai. Kila mmoja hutoa kemikali, nayo ikishakolea, ishara kwamba wenzake wametosha, jeni za mwangaza huamka. Ya nini kupoteza nguvu kuwasha taa isiyoonekana?

Mnamo 2005 wanasayansi walichapisha mpangilio kamili wa jeni zake: herufi zipatazo milioni 4.3, katika kromosomu mbili. Jamaa yake, Vibrio cholerae aletaye kipindupindu, anazo mbili vilevile. Huyo naye huwahesabu wenzake, ila wakizidi hupunguza makali. Ndiyo maana watafiti wanasaka dawa za kuingilia mawasiliano hayo badala ya kuua tu.

Mwaka 2009 ilibainika kuwa bakteria wa samaki wa Japani, aliyeshindwa kukaa ndani ya ngisi, alikaa vizuri alipopachikwa jeni moja tu.