Nani Anamlipia Mlaji Wakili? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi sheria ya Uingereza ya haki za walaji ya mwaka 2015 ilivyofungua mlango kwa mtu mmoja kuishitaki kampuni kwa niaba ya mamilioni, bila kuomba ridhaa ya kila mmoja wao. Leo tuzungumzie fedha. Kesi ya namna hiyo inakula pesa nyingi kabla haijaleta hata senti, na lazima pesa hizo zitoke mahali.

Tuitazame kesi ya Walter Merricks dhidi ya Mastercard. Merricks aliwahi kuwa msuluhishi mkuu wa malalamiko ya wateja wa benki na bima nchini humo. Mwaka 2016 alifungua madai katika Baraza la Rufani za Ushindani, London, kuhusu ada ambayo benki ya mwenye duka huilipa benki ya mwenye kadi kila kadi inapotumika. Kamisheni ya Ulaya ilikwisha kuamua mwaka 2007 kwamba ada hiyo, kwa miamala ya kuvuka mipaka, ilivunja sheria ya ushindani. Kwa hoja ya Merricks, mwenye duka hakuubeba mzigo huo peke yake, bali aliupandisha kwenye bei. Kwa hiyo hata aliyenunua mkate kwa fedha taslimu kati ya Mei 1992 na Juni 2008 alichangia ada ya kadi asiyokuwa nayo.

Walaji milioni 46, madai ya pauni bilioni 14. Ukigawanya, ni kama pauni 300 kwa kila mtu. Hakuna atakayeajiri wakili wa London kwa ajili ya pauni 300. Tena kwa desturi ya mahakama za huko, anayeshindwa hubebeshwa na gharama za aliyeshinda. Hapo ndipo anapoingia mfadhili wa kesi: kampuni ya uwekezaji isiyo na ugomvi na yeyote, inayowalipa mawakili na wachumi. Kesi ikianguka, fedha zake zimekwenda. Ikishinda, anarudishiwa zake pamoja na faida. Hadi mwaka 1967 kufadhili kesi ya mwingine ili ugawane naye mapato lilikuwa kosa la jinai Uingereza, kwa hofu kwamba matajiri wangenunua ugomvi wa watu.

Baraza liliyakataa madai ya Merricks mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ikayafufua mwaka 2019, na Desemba 2020 Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo. Miaka yote hiyo kampuni kubwa inaweza kukaa tu ikingoja upande wa pili uishiwe nguvu. Mfadhili ndiye anayeuondoa ubabe huo, na kwa sababu hiyo mimi ni miongoni mwa wanaomtetea.

Lakini anayelipa hutaka na kuamua. Februari 2024 Baraza liliona kwamba ada ya mipakani haikuwa chanzo cha ada za ndani ya nchi, na sehemu kubwa ya madai ikaporomoka. Desemba mwaka huo Merricks akakubali suluhu ya pauni milioni 200. Mfadhili wake, kampuni ya Innsworth, akaja juu: fedha ni kidogo mno. Alipinga suluhu mbele ya Baraza, akamfungulia Merricks mwenyewe shauri la usuluhishi. Mwaka 2025 Baraza likaidhinisha suluhu na kuzigawa fedha: milioni 100 zikatengwa kwa walaji, kila anayejitokeza apate si zaidi ya pauni 70. Mfadhili akapewa jumla ya takriban milioni 68, akiwa ametumia kama milioni 45. Innsworth hakuridhika, akaomba uamuzi huo upitiwe Mahakama Kuu.

Naona Baraza lilitenda haki, kwa sababu lilianza na mlaji. Linganisha na wasimamizi 555 wa ofisi za posta walioishitaki Posta ya Uingereza. Mwaka 2019 walilipwa pauni milioni 57.75, na takriban milioni 46 zikaishia kwa mawakili na mfadhili. Suluhu yao ilikuwa ya faragha. Hakuna jaji aliyetakiwa kuupitia mgao. Hata hivyo, Alan Bates aliyewaongoza amesema wazi kwamba bila ufadhili wasingefika mahakamani.

Kwetu, Katiba ya Kenya ya 2010 inamlinda mlaji katika ibara ya 46, na ibara ya 22 inamruhusu mtu kufungua shauri kwa manufaa ya umma. Lakini Sheria ya Mawakili haimruhusu wakili kukubali kulipwa pale tu atakaposhinda, kwa hiyo fedha za kesi kubwa zitatafutwa kwingine. Wabunge wasingoje wafadhili wabishe hodi. Waandike sasa kwamba mkataba wa ufadhili uwekwe mbele ya jaji tangu siku ya kwanza, na kwamba hakuna mgao utakaolipwa kabla jaji hajaona mlaji anabakiwa na nini.

Itaendelea wiki ijayo.