Dawa za Utumbo na Umbali wa Maabara

Katika miaka ile vidonge vya SP vilipoanza kushindwa na malaria, watafiti wilayani Muheza waliwajaribia watoto ambao SP haikuwaponya mchanganyiko wa klopuroguanili na dapsoni. Dawa ilifanya kazi. Mwaka 2003 ikasajiliwa kwa jina la Lapdap, ikasifiwa kwa unafuu wa bei, na mwaka 2008 ikaondolewa sokoni. Kuua vimelea ilikuwa inaua. Tatizo ni kwamba ilivunja chembe nyekundu za damu kwa watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na watu wa aina hiyo ni wengi hasa kule ambako malaria imekaa vizazi kwa vizazi. Maramba yetu, hapa mkoani Tanga, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Muheza kabla wilaya ya Mkinga haijamegwa, kwa hiyo kisa hiki ni cha nyumbani kabisa. Makala hii inahusu maradhi ya utumbo, lakini nimeanza na malaria kwa makusudi, maana kisa cha Lapdap kinaonyesha jambo ambalo karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa haiwezi kulisema: madhara hayamo ndani ya kidonge peke yake. Yanategemea mwili wa anayekimeza, vijidudu anavyoishi navyo, na umbali wa kutoka kwake hadi kwenye maabara.

Maradhi yenyewe ni mawili yanayofanana kama ndugu. Moja, nitakaloliita vidonda vya utumbo mpana, hushika utumbo huo na kuuchubua. Jingine, linaloitwa Crohn, linaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi sehemu ya haja kubwa, na hula ukuta wa utumbo kwa kina. Yote mawili hutokea pale kinga ya mwili inapoushambulia utumbo wenyewe bila kukoma. Mgonjwa huharisha wiki hadi wiki, mara nyingi na damu, tumbo linasokota, mwili unakonda, damu inapungua. Kwa pwani yetu dalili hizo zina majina ya haraka: ameba, taifodi, au kichocho. Mtu hupewa flajili, akapata nafuu kidogo au asipate, akapewa tena. Wakati mwingine kweli ni ameba. Ila ameba inayorudi kila mwezi kwa mwaka mzima inastahili kutiliwa shaka, na shaka hiyo haiondolewi ila kwa kipimo cha kamera kinachoingizwa kwenye utumbo na kinyama kidogo kukatwa kikachunguzwe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na hayana haja ya kurasa za gazeti letu. Hoja hiyo ina asili ya heshima. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliona kwamba maradhi kadhaa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza alikuwa hayaoni kwa Waafrika, akaunganisha tofauti hiyo na chakula chenye makapi mengi. Sina ugomvi na alichokiona. Lakini ugonjwa unaogunduliwa kwa kamera hauwezi kuhesabiwa mahali pasipo na kamera, na chakula cha miji yetu leo si kile cha enzi za Burkitt. Hata tukikubali kwamba wagonjwa ni wachache, uchache huo unawaongezea hatari, kwa kuwa mhudumu ambaye hajawahi kuuona ugonjwa atashika dawa iliyo karibu na mkono wake.

Na dawa iliyo karibu na mkono ni prednisoloni. Ni ya bei ndogo, hutumika kwa pumu na kwa mizio, na nguvu yake haina ubishi. Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford walichapisha matokeo ya jaribio la kotisoni, ndugu mkubwa wa prednisoloni, kwa wagonjwa 210 wenye vidonda vya utumbo mpana. Baada ya wiki sita, kama 41 katika kila 100 waliopewa kotisoni walikuwa wametulia kabisa, na kwa wale waliopewa kidonge kisicho na dawa ni 16 tu. Kwa ugonjwa ambao wakati huo uliua watu wengi, huo ulikuwa ukombozi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1965, madaktari wa London wakapima jambo jingine: je, kidonge kidogo cha jamii hiyohiyo, kikimezwa kila siku, kinamzuia aliyepata nafuu asiugue tena? Hakikumzuia. Matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa hukumu iliyo wazi: prednisoloni inazima moto, haizuii moto kuwaka tena.

Anayeendelea kuimeza miezi na miezi anabaki na madhara bila faida ya maana. Mifupa inapungua nguvu, sukari na presha vinapanda, mtoto wa jicho anaingia mapema, usingizi unapotea. Tezi za juu ya figo, zilizozoea kuletewa homoni kutoka nje, zinalala. Mgonjwa akiacha ghafla anaweza kuanguka, na ndiyo maana dozi hushushwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Kuna dhara moja ambalo kwetu linadanganya kuliko yote: uso unajaa na kuwa wa mviringo. Pale ambapo unene unasomwa kuwa ni afya, mgonjwa aliyekonda akirudi na mashavu atapongezwa kila barazani, naye ataamini amepona.

Kisha kuna mambo ambayo karatasi ya dawa huyataja kwa neno moja tu, "maambukizi", wakati kwa pwani ya Tanga neno hilo lina wanyama ndani yake. Upo mnyoo mdogo uitwao strongiloidi, unaoingia kupitia ngozi ya mguu unaokanyaga udongo pekupeku, na unaoweza kukaa ndani ya mtu miaka mingi bila kumsumbua. Kinga ikishushwa kwa prednisoloni, mnyoo huo huzaliana kwa wingi, ukatoka utumboni na kuvamia mapafu na viungo vingine, na mtu akafa. Dawa yake ni ivamektini. Watu wa mkoa wa Tanga wanaifahamu, kwani kuanzia mwaka 2004 iligawiwa pamoja na albendazoli katika kampeni za kutokomeza matende na mabusha. Kinachoua huko mbali kwa kukosa kutambuliwa, huku kinaweza kuzuiwa kwa dawa ambayo jina lake halimshangazi mtu. Na kama ile damu ilikuwa ya ameba tangu mwanzo, au kidonda kilikuwa kifua kikuu cha utumbo, ambacho hata kwa kamera hufanana sana na Crohn, prednisoloni itaufungulia mlango ugonjwa uliopaswa kufukuzwa. Kwa hesabu ya Maramba basi, dawa inayoonekana ya kawaida kuliko zote ndiyo inayohitaji uangalizi mkubwa, na haifai kununuliwa kwenye duka la dawa muhimu kwa kukumbuka rangi ya kidonge.

Dawa ya pili, sulfasalazini, ina sifa mbaya ya uzee. Ilitengenezwa Sweden na daktari Nanna Svartz, aliyekuwa akitafuta dawa ya maradhi ya viungo, na matokeo yake kwa utumbo yakachapishwa miaka ya 1940. Ni dawa mbili zilizofungwa pamoja: sehemu ya jamii ya salfa, na sehemu nyingine ya jamii ya asprini. Bakteria wa utumbo mpana ndio wanaokifungua kifungo hicho, na mwaka 1977 A. K. Azad Khan na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba inayotibu ni ile sehemu ya pili. Salfa ni mchukuzi tu, na mchukuzi huyo ndiye mwenye vurugu nyingi: kichefuchefu, kichwa kuuma, vipele, mara chache ngozi kubabuka vibaya. Aliyewahi kudhurika na SP au septrini, ambazo nazo zina salfa, anapaswa kusema kabla hajaandikiwa. Hapa G6PD nayo inarudi. Tangu mwaka 1960 mtafiti Anthony Allison alikwisha kuandika juu ya upungufu huo kwa watu wa Afrika Mashariki, na mwenye upungufu akipewa sulfasalazini anaweza kuvunjika damu kwa njia ileile ya Lapdap. Dalili zake zinaonekana bila mashine: macho ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, kuchoka ghafla. Mkojo wa rangi ya machungwa, huo ni rangi ya dawa yenyewe, wala haudhuru.

Kwa wanaume, sulfasalazini hupunguza mbegu za uzazi wakati inapotumiwa, na zinarudi miezi michache baada ya kuiacha. Ni dhara dogo kwenye orodha ya daktari. Ndani ya nyumba laweza kuwa kubwa, kwa kuwa ndoa ikichelewa kupata mtoto anayetazamwa kwanza ni mke, na hakuna anayemuuliza mume anameza nini. Ipo mesalazini, ile sehemu inayotibu iliyotenganishwa na mchukuzi wake. Wengi huivumilia vizuri zaidi, ingawa mara chache huumiza figo, na bei yake ni kubwa. Hata hivyo, kwa mgonjwa wa vidonda vya utumbo mpana wa kiasi cha wastani, sulfasalazini pamoja na foliki asidi bado ni dawa ya heshima. London mwaka uleule wa 1965 ilionekana kuzuia ugonjwa kurudi, jambo ambalo prednisoloni ilishindwa. Shirika la Afya Duniani bado linaiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa Crohn lakini, sulfasalazini ni dhaifu, na hapo ndipo kulinganisha kunapokuwa kugumu.

Azathiopirini, dawa ya kushusha kinga iliyotokana na kazi ya George Hitchings na Gertrude Elion, waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 1988, huchukua miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuonyesha nguvu yake. Inaweza kuukandamiza uboho hadi chembe nyeupe zikaisha, ikachoma kongosho au ini, na ikitumiwa miaka mingi huongeza kidogo uwezekano wa saratani fulani. Kidonge chenyewe si cha ghali mno. Ghali ni picha ya damu inayotakiwa mara kwa mara, hasa wiki za mwanzo. Kwa mtu anayeshuka kutoka Maramba hadi hospitali ya Bombo mjini Tanga, kila kipimo kina nauli ndani yake na siku ya shamba iliyopotea. Daktari anayemwandikia azathiopirini bila kuuliza habari ya nauli ameandika nusu ya tiba. Methotrekseti nayo hutumiwa mara moja kwa wiki, na kosa la kuimeza kila siku limeua watu sehemu nyingi duniani. Mjamzito haigusi kabisa, kwa kuwa inaharibu mimba.

Sasa dawa mpya za sindano. Infliksimabu iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa Crohn. Katika utafiti uitwao SONIC, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha wagonjwa 508 wa Crohn, baada ya wiki 26 waliotulia bila kutegemea jamii ya prednisoloni walikuwa 57 katika 100 kwa waliopata infliksimabu na azathiopirini pamoja, 44 kwa infliksimabu peke yake, na 30 kwa azathiopirini peke yake. Hakuna njia ya kuikwepa tofauti hiyo. Lakini mwaka 2001 watafiti walikuwa wamekwisha kuripoti wagonjwa 70 walioibukiwa na kifua kikuu baada ya kupewa infliksimabu, kwa kuwa dawa hiyo huzima kemikali inayosaidia kumzingira na kumfungia mdudu wa kifua kikuu mwilini. Katika orodha ya mwaka 2021 hadi 2025, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Nambari ya 57 haihami na hatari ya nchi ilikopimwa. Ikifika huku inakutana na hatari yetu.

Hata dawa mpya kwa mpya, kulinganisha kunategemea swali. Mwaka 2019 vedolizumabu, inayofanya kazi zaidi ndani ya utumbo, ilipambanishwa na adalimumabu kwa vidonda vya utumbo mpana: baada ya mwaka mmoja, 31 katika 100 walitulia kwa ya kwanza na 22 hadi 23 kwa ya pili. Ila miongoni mwa walioingia katika jaribio wakitumia jamii ya prednisoloni, waliotulia na kuiacha walikuwa takriban 13 kwa vedolizumabu na 22 kwa adalimumabu. Mshindi akageuka. Mwenye kuuliza "ipi bora?" ajue atajibiwa kwa swali lingine: bora kwa kipi?

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: je, hoja yangu si namna ya upole ya kuwaambia watu wa Mkinga waridhike na dawa za zamani, na wa Ulaya wachukue mpya? Ingekuwa hivyo kama ningesema sindano haziwafai. Nasema zinawafaa zikija na vitu vyake: kuchunguzwa kifua kikuu, kuchunguzwa virusi vya homa ya ini aina ya B, na njia ya kumfikia daktari siku homa ikipanda. Infliksimabu zinazofanana na ile ya kwanza, zenye bei ya chini, ziliruhusiwa Ulaya tangu mwaka 2013, na bei ikiendelea kushuka swali la uangalizi ndilo litakalobaki. Kudai sindano bila kudai maabara ni kudai Lapdap nyingine.

Wengine watakimbilia mitishamba ya Usambara kwa hoja kwamba haina madhara. Ninaiheshimu elimu hiyo, lakini hoja yenyewe haisimami. Kitu chenye nguvu ya kuutuliza mwili kina nguvu ya kuudhuru. Ambacho hakijaandikiwa madhara mara nyingi ni kile ambacho hakuna aliyeyahesabu. Mgonjwa anayechanganya mizizi na azathiopirini bila kusema anamficha daktari sababu ya ini kuharibika, na daktari atasimamisha dawa isiyo na kosa.

Mengi ya yanayotakiwa, kwa bahati, hayahitaji mashine ya mamilioni. Kliniki za kifua kikuu zipo tayari. Ivamektini inajulikana. Kipimo cha sukari kinafanyika kwa tone la damu, na foliki asidi kila mama aliyehudhuria kliniki ya wajawazito ameimeza. Kinachokosekana ni daftari moja ambalo mgonjwa anatembea nalo, limeandikwa alianza dawa gani, tarehe gani, kwa dozi gani, na picha ya damu ya mwisho ilisemaje, ili mhudumu wa zahanati anayemwona saa nne usiku akiwa na homa ajue kwamba huyu si mgonjwa wa kupewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani.