Utangulizi: Njia Tatu za Wekundu wa Nywele

Mzee anayetoka msikitini Lamu na ndevu zilizokolea hina, morani wa Kimasai aliyejipaka ngeu kichwani, na binti aliyetoka saluni Kariakoo na nywele za rangi ya shaba: kwa mtazamaji, wote watatu wana wekundu. Kwa mwanafunzi wa somo hili, kila mmoja ameupata kwa njia yake. Kuzitambua njia hizo tatu ndiko kuingia katika somo lenyewe, na ningependa msomaji tuingie pamoja.

Tuanze na unywele wenyewe. Kwa nje umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana. Ndani mna nyuzi za protini iitwayo keratini, na kati yake chembe za melanini. Melanini ni za aina mbili: eumelanini, inayoleta weusi na hudhurungi, na feomelanini, inayoleta wekundu. Wachache huzaliwa na nywele nyekundu, hasa Scotland na Ireland, na mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba hali hiyo inahusiana na jeni ya MC1R. Sisi wengine, tukitaka wekundu, hatuna budi kuutafuta.

Njia ya kwanza ni kupaka juu. Ngeu ni udongo wenye oksidi ya chuma. Wamasai huuchanganya na mafuta. Wanawake wa Kihimba, kaskazini mwa Namibia, huuchanganya na siagi wakapata otjize, ambayo huipaka kwenye misokoto ya nywele na mwilini. Rangi hii haiingii ndani ya unywele. Huushika kwa mafuta, na mwenyewe huirudia mara kwa mara ili ibaki hai.

Njia ya pili ni hina, mmea ambao wataalamu huuita Lawsonia inermis. Majani yake yana lawsoni, kemikali inayojifunga kwenye keratini. Unga wa hina huvurugwa kwa maji, mara nyingi na ndimu, kisha huachwa utulie. Weka tone la mchanganyiko kiganjani: likiacha alama ya rangi ya chungwa, lawsoni imeanza kutoka na hina iko tayari. Hina haiondoi rangi iliyopo. Inaongeza yake juu ya ile ya asili. Ndiyo maana hina ya bakuli moja huzifanya mvi kuwa za shaba, na nywele nyeusi zikapata mng'ao wa damu ya mzee unaoonekana vizuri juani. Nayo haitoki kirahisi. Aliyeichoka husubiri nywele zikue.

Njia ya tatu ilizaliwa maabara. Mwaka 1856 William Henry Perkin, akiwa kijana jijini London, alipata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na rangi za viwandani zikaanza kuenea. Mwaka 1907 mkemia Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi za nywele, na kampuni aliyoianzisha ndiyo L'Oréal ya leo. Katika rangi za kudumu za aina hii, amonia hufungua magamba, haidrojeni peroksaidi huvunja melanini, na molekuli ndogo zisizo na rangi huingia ndani, zikaungana na kuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka.

Hapa nywele zetu nyeusi zina jambo la kufundisha. Zikipaushwa, hupita kwenye hudhurungi, kisha wekundu, kisha chungwa, ndipo zifike njano. Anayetaka dhahabu lazima aende hadi mwisho, na nywele zake huumia zaidi. Anayetaka shaba husimama katikati. Tatizo lake ni kwamba wekundu mkali hupauka upesi kwa kuoshwa na kwa jua.

Somo hili lina hatari zake, na si haki kuzificha. Hina halisi haitoi weusi wa papo hapo. Kinachouzwa kama "hina nyeusi" mara nyingi kimetiwa PPD, kemikali ya rangi za nywele inayoweza kuwasha ngozi, kuitoa malengelenge na kumwachia mtu mzio wa maisha. Nayo hina iliyochanganywa na chumvi za metali ikikutana na peroksaidi hupata joto na kuharibu nywele. Rangi yoyote mpya ijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya ngozi, usubiri saa 48. Kisha ijaribiwe kwenye kishungi kimoja, hasa kama nywele zimewahi kutiwa dawa ya kulainisha.

Mkemia, mwanahistoria na msusi wote wana nafasi hapa, na bibi anayejua hina ipi hukolea na ipi haishiki ana elimu inayostahili kuandikwa kabla haijapotea. Karibu, basi. Kila utakapoona nywele nyekundu, uliza kwanza: rangi hii imekaa juu, imejifunga, au imeingia ndani? Na usikubali kupakwa kichwani kitu ambacho mpakaji mwenyewe hawezi kukujibu swali hilo.